Tao Lililomsubiri Mtani

Nyumba iliyoachwa na wale walioijenga huwa ya nani? Niliondoka Kisarawe na swali hilo, nikazunguka nalo Unyamwezi, nikarudi nalo. Na hadi ninapoandika maneno haya sijapata jibu ambalo ningethubutu kulitamka mbele ya wanaohusika. Ninachoweza ni kuisimulia safari yenyewe kwa mpangilio wake, ili msomaji ambaye hajafika huko anisaidie kufikiri.

Sababu ya kuondoka ilikuwa ya zamani kuliko safari. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba Maneromango, ya udongo mwekundu, yenye baraza pana upande wa machweo. Alipofariki, wajomba waliiuza, na mnunuzi akaivunja ili ajenge ya kwake. Wakati huo nilikuwa masomoni. Hakuna aliyekosea, nyumba haikuwa yangu, na walioiuza walikuwa na haki ya kuiuza. Ila sina picha yake hata moja, na kadiri miaka inavyopita, nikijaribu kuikumbuka, milango yake huhama. Jana mlango wa mbele ulikuwa upande wa jikoni, leo umehamia uani. Ndipo nilipoanza kupiga picha za magofu. Siku za kazi nakaa katika ofisi ya bima, shahada yangu ya historia ikiwa imetundikwa ukutani kama kalenda ya mwaka jana. Siku za mapumziko nachukua kamera na kwenda kutafuta kuta ambazo hazijamaliza kuanguka. Wenzangu huniuliza ninapata nini. Nawajibu kwamba angalau milango ya kwenye picha haihami.

Mvua za mwaka huu zilipokuwa zinakaribia, Maganga alinipigia simu. Tulisoma naye chuo kikuu, na sasa anafundisha sekondari mjini Tabora.

"Mwanahawa, yale magofu ya watawa niliyokwambia, sasa yanaguswa," alisema. "Tao la mlango ndilo pekee lililobaki zima, na wanataka kulishusha. Ukilitaka, njoo upesi."

"Nakuja Jumamosi."

"Njoo na unga wako. Sisi hatulishi Wazaramo. Mtacheza ngoma hadi ghala liishe."

"Na wewe uwe stendi mapema, nina mizigo. Kazi yenu ya asili naijua."

Nieleze kidogo kwa ajili ya vijana wa siku hizi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Misafara ya kale iliyotoka Unyamwezi na pembe za ndovu ilipita kwetu kabla ya kufika pwani, nayo ikapita tena ikirudi na vitambaa na shanga. Watu waliogombana njiani, wakauziana maji na chakula, wakazikana walipougua, mwishowe wakaona ni afadhali kutaniana. Mtani hukutukana usikasirike, huchukua kuku wako usimshitaki. Na ukifiwa, yeye ndiye hufika na kufanya yale ambayo mikono ya mfiwa haiwezi. Hayo yote niliyajua tangu utotoni. Sikujua kwamba nayapeleka Tabora pamoja na kamera.

Jumamosi, kabla ya alfajiri, basi liliondoka. Njia ya basi si njia ya misafara hatua kwa hatua, lakini uelekeo ni ule ule, na mtu mwenye mawazo yangu hawezi kukaa dirishani bila kupima. Morogoro tulifika wakati watu wanafungua maduka. Pale wapagazi walipotembea siku nyingi wakitafuta visima, sisi tulikunywa soda ya baridi na kulalamika kuwa kipoza hewa hakifanyi kazi. Baada ya Dodoma ardhi ilikuwa na rangi ya ngozi ya simba, na mibuyu ilisimama mbalimbali kama watu waliokosana. Manyoni tukapanda, Itigi vichaka vikatubana kila upande. Kisha, jua likiwa linatuangalia usoni, tukaingia katika miombo, na nikaelewa kwa nini wenyeji huzungumzia msimu huu kwa sauti ya upole. Mvua haijanyesha, vumbi limejaa kila mahali, lakini miti imekwisha kuchipua majani mapya mekundu, kana kwamba imepewa taarifa ambayo sisi hatujapewa.

Giza lilikuwa limeingia tulipofika Tabora. Maganga alikuwa stendi. Aliubeba mkoba wangu kichwani kwa makusudi, akatembea mbele yangu akiimba wimbo wa wapagazi alioutunga papo hapo, na watu wa stendi wakacheka.

Jumapili asubuhi tulipanda pikipiki yake tukaelekea magharibi, kwenye barabara ya vumbi inayokwenda upande wa Ulyankulu. Kijiji tulichokiendea sitakitaja jina. Wenyeji waliniomba hivyo, na sababu yao ni nzito: wapo watu wanaozunguka na mashine za kutafutia rupia za Wajerumani, na popote wanapoona ukuta wa zamani huchimba mashimo usiku na kuyaacha wazi. Tulipita mabani ya kukaushia tumbaku, marefu na yasiyo na madirisha. Tulipita wanaume waliosukuma baiskeli zilizofungwa madumu ya asali, na wanawake waliotoka kisimani. Kila tuliyekutana naye alisalimiwa. "Mwangaluka!" Maganga alipaza sauti bila kupunguza mwendo, na jibu lilitufikia kupitia vumbi letu wenyewe.

Tulifika watu wakiwa bado katika ibada. Hakukuwa na kanisa. Walisali ndani ya bani la tumbaku ambalo mwenyewe amewaazima hadi msimu wa mavuno, na harufu ya tumbaku ya mwaka uliopita ilikuwa bado imeshika ukutani. Nilikaa nje pamoja na pikipiki. Mimi ni Mwislamu, na hata kama ningekuwa wa dini yao, mgeni aliyejaa vumbi hadi kwenye kope hustahili kukaa nje.

Walipotoka, Maganga alinitambulisha kwa mwanamke mnene kiasi, wa umri wa kunizidi kidogo, aliyevaa kitenge cha samawati na viatu vya mpira. Huyo ndiye Mama Kalunde, mkulima wa tumbaku na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kigango, yaani kanisa dogo la kijiji lililo chini ya parokia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye mpiga picha wa Dar? Karibu sana. Piga zote unazotaka, halafu ututumie na sisi. Wa mwisho aliyekuja alipiga akaenda nazo."

Alinipeleka mwenyewe. Magofu yako umbali mfupi kutoka kwenye bani, juu ya mwinuko mdogo ambapo, wanasema, misafara ilipiga kambi kwa sababu ya kisima kilicho chini yake. Watawa walikuja baadaye wakafuata kisima hicho hicho. Walijenga kwa matofali ya kuchoma, wakayaunganisha kwa udongo wa kichuguu. Wakaishi humo kwa miaka ambayo hakuna anayeijua kwa hakika. Wakaugua, wakazikana, na waliobaki wakahamia kwingine. Nimeona katika vitabu picha za nyumba za watawa za Ulaya, zilizojengwa katika zama za kati, zimezungukwa na nyasi zilizokatwa na kibao cha maelezo. Hapa nyasi zilikuwa zimekatwa na mbuzi. Kuta za vyumba zilinifika kiunoni. Niliweza kuona mahali pa kulala mtu mmoja mmoja, vyumba vyembamba kama mifuko ya shati, na mfereji wa mawe ulioleta maji uani. Ndani ya ufa mmoja nyuki wadogo wasiouma walikuwa wamejenga mlango wao wa nta, mwembamba kama mrija, na walikuwa wakitoka na kuingia kana kwamba hiyo ndiyo nyumba pekee iliyowahi kuwepo pale.

Na mbele ya yote lilisimama tao. Lilikuwa la juu kuliko nilivyotarajia, la matofali yaliyopangwa kwa mkunjo safi kama upinde uliovutwa. Upande wa kushoto lilikuwa limeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza. Chini yake walikuwa wamesimamisha kiunzi cha magogo ili kulishikilia, na ngazi ilikuwa imeegeshwa tayari.

Nilipiga picha hadi jua likawa utosini. Nilikuwa na furaha ambayo ni vigumu kuieleza bila kuonekana mtoto. Katika matofali niliona alama za vidole vitatu vya waliofyatua, vilivyoparuza udongo ulipokuwa mbichi. Niliona unyayo wa mbwa aliyepita juu ya matofali yakianikwa, na, chini kabisa karibu na msingi, unyayo wa mtoto. Nililala kifudifudi ili niupate. Watu waliotoka ibadani walikuwa wamenifuata, wakisimama chini ya tao, wakiegemea kuta, wakiulizana ninatafuta nini. Kila mara niliwaomba kwa adabu wasogee. "Samahani, baba, kidogo tu pembeni. Mama, naomba usimame kule." Walisogea bila kununa. Nilitaka magofu yenyewe, bila kitu kingine.

Nilipoinuka kujipangusa, nikamwuliza fundi mwashi, mtu mfupi aitwaye Shija, kwa nini kazi imesimama wakati kiunzi na ngazi viko tayari.

Shija alimtazama Mama Kalunde. Mama Kalunde akatazama ngazi.

"Tangu juma lililopita iko hapo," alisema Shija. "Mimi nimeisimamisha. Kupanda sijapanda."

"Ni hatari?"

"Hatari siyo. Nimefanya kazi mbaya kuliko hiyo. Tofali la juu likitoka, mengine yanafuata kama karanga." Akakuna shingo. "Ila siwezi kuwa wa kwanza, dada. Mimi baba yangu amepita hapa."

Sikuelewa. Mama Kalunde ndiye aliyenieleza, akiwa ameketi juu ya kipande cha ukuta na kutoa mawe kwenye kiatu chake. Tangu watawa waondoke, kijiji kimekuwa na desturi. Mtu akifariki, wa dini yoyote, hubebwa kutoka kwake hadi hapa, hupitishwa chini ya tao, ndipo hupelekwa makaburini upande wa pili wa mwinuko. Hakuna aliyeamuru, ilianza, ikaendelea. Hata familia zilizotoka Burundi zikahamia jirani, zamani, nazo hupitisha watu wao. Kwa hiyo hakuna nyumba hapo kijijini ambayo haijapitisha baba au mama au mtoto.

"Sasa tumekubali lishuke," aliendelea. "Alikuja mtu wa mambo ya kale akakagua. Kuta za vyumba amesema zibaki, tusiziguse. Tao limeinama, lishushwe kabla halijamwangukia mtu. Parokia wamekubali, kijiji kimekubali. Tukishusha kwa utaratibu matofali yanatoka mazima, na Shija atalipandisha tao hilo hilo kwenye mlango wa kigango. Msingi umekwisha, twende nikuonyeshe. Lakini nani atoe tofali la kwanza? Hapo ndipo tunapotazamana. Hili limekuwa kama mzazi. Kulishusha ni kulizika. Na wewe umeona wapi mfiwa akachimba kaburi?"

"Na mvua ikija?"

"Litaanguka lenyewe. Udongo wa kichuguu ukilowa sana huwa uji. Likianguka, litavunjika, tutapata kokoto."

Maganga akacheka peke yake.

"Unacheka nini, mwalimu?" Mama Kalunde alimwuliza.

"Nacheka mnavyolia njaa mkiwa mmekalia gunia. Mmemwuliza huyu mgeni kabila lake?"

"Kabila lako gani, dada?"

"Mzaramo," nikajibu, na kabla neno halijakauka mdomoni nikajua kilichotokea.

Mama Kalunde alisimama. Kiatu kimoja kilikuwa bado mkononi.

"Mzaramo! Tangu asubuhi unatusogeza kama mbuzi, tunakuheshimu, kumbe ni mtani? Shija! Jamani, njooni! Shikamoo yako nairudisha, niliipokea bure!"

Kicheko kikapanda mwinuko mzima. Mzee mmoja akaja kuishika kamera yangu akasema ni ya kwake tangu leo, maana babu yake alibeba ya aina hiyo kutoka pwani na hakulipwa. Nikamjibu kwamba babu yake alilipwa, ila pesa alizimaliza kwetu kwenye togwa. Walipiga makofi. Nilifurahi, nilikuwa bado nadhani ni mzaha.

"Basi Mungu amekuleta," alisema Mama Kalunde, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wewe siyo mfiwa. Wewe ni mtani. Panda utoe tofali."

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia kwamba nimesafiri siku nzima ili niliokoe tao hilo, japo kwa picha. Kwamba nina nyumba moja iliyovunjwa moyoni na sitaki kuwa mkono unaovunja ya pili. Nikaongeza, kwa kuwa nilitafuta pa kutokea, kwamba mimi si wa dini yao.

"Utani hauna kanisa wala msikiti," alijibu. "Hayo mengine nimekuelewa. Twende nyumbani ukanywe chai. Kuna mtu nataka akuone."

Saa za mchana, jua likiwa kali, tulikuwa kwake. Nyumba ilikuwa ya bati, imefagiwa, na tulikaribishwa chai ya rangi na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ambavyo hutafunwa taratibu na karanga. Kisha akanipeleka chumba cha ndani. Mama yake alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha, mdogo kama mtoto aliyefunikwa khanga. Hatembei tena, niliambiwa, tangu wakati wa kupanda wa mwaka jana.

"Mama, huyu ni mgeni wetu. Mzaramo."

Macho yalifunguka. "Mzaramo? Nani kamfungulia mlango? Ficheni kuku."

Nilicheka hadi nikaketi sakafuni. Nikampa shikamoo, akaipokea baada ya kuniacha nisubiri.

"Umekuja kutuuzia shamba upate pesa ya ngoma?"

"Hapana, bibi. Nimekuja kuomba asali na jogoo, na mnibebe mgongoni hadi Dar es Salaam, kama mlivyobeba meno ya tembo."

"Kubeba tumeacha. Siku hizi mnabebwa na mabasi, nayo yanawatapisha." Akautafuta mkono wangu, akaushika. Wake ulikuwa mwepesi na moto. "Unasikia, mjukuu. Mimi nitapita pale. Siyo leo, lakini siyo mbali. Nilikwenda kuliona walipoanza kuliwekea magogo. Walinibeba kwenye kiti. Limesimamishwa kwa magongo kama mgonjwa. Sitaki kupita chini ya mgonjwa mwenzangu. Na sitaki kupitishwa juu ya kokoto. Nataka mlango mpya wa matofali yale yale. Baba yangu alitia vidole vyake mle."

Mama Kalunde aligeuka akapanga kitu dirishani ambacho kilikuwa kimekwisha kupangwa.

"Kesho asubuhi tunakusanyika," aliniambia tulipotoka. "Ukija, umekuja. Usipokuja hatutakulaumu, utani haulazimishi. Tutamngojea mwingine. Ila mama hawezi kungoja sana, na mawingu umeyaona."

Niliyaona. Yalikuwa mashariki, yamejipanga.

Jioni tulirudi mjini. Basi langu lilikuwa la alfajiri ya Jumatatu, na kazini nilitakiwa Jumanne. Maganga aliniacha mbele ya duka moja karibu na soko, nikanunue betri na maji. Mwenye duka ni Mhindi wa makamo aliyezaliwa hapo hapo Tabora, na Kiswahili chake kingemfanya mwalimu wangu wa sarufi aone haya. Alipoiona kamera akauliza nimepiga wapi. Nilipomweleza, aliomba atazame.

"Wa kijiji hicho nawajua," alisema, akipitisha picha moja baada ya nyingine kwa kidole kilichozoea kuhesabu misumari. "Wananunua bati kwangu. Mama Kalunde anapatana bei hadi unataka kumpa duka." Akaendelea kupitisha. Ukuta. Ufa. Mfereji. Tao kutoka kushoto, tao kutoka kulia. "Picha nzuri sana, dada. Lakini wako wapi?"

"Nani?"

"Watu. Ulikwenda Jumapili, lazima walikuwepo. Mbona siwaoni?"

Nilimweleza kwamba niliwaomba wasogee. Alinirudishia kamera kwa heshima na kunipimia betri. Sidhani kwamba alikuwa amekusudia kunilaumu. Alikuwa anawatafuta wateja wake tu.

Nilikaa kwenye baraza ya nyumba ya wageni hadi mwanga ulipokwisha, nikazipitia picha upya. Zilikuwa picha za mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupita. Unyayo wa mtoto ulikuwemo, alama za vidole zilikuwemo, lakini wajukuu wa vidole hivyo walikuwa wamesimama nje ya kila picha, upande ule nilioonyesha kwa mkono. Nikaifikiria nyumba ya Maneromango. Nimekuwa nikijiambia kwamba ninachokosa ni milango. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, nilijiuliza iwapo picha ya milango ingenisaidia kitu bila bibi yangu kuketi barazani akichambua mchele. Na kama watu walionunua nyumba ile, waliojenga yao mahali pake na kuzaa humo, wangekubali kuitwa wavunjaji tu. Sikupata jibu la swali langu la kwanza. Nilijifunza jambo dogo zaidi: kwamba mtu anaweza kulipenda jengo kwa namna inayowafukuza wenyewe.

Lakini kujifunza ni jambo moja, na kupanda ngazi ni jingine. Niliogopa. Sikuogopa kuanguka, niliogopa sauti ya tofali linapotoka. Nilimpigia Maganga simu.

"Kama ni wewe," nilimwuliza, "ungekuwa Maneromango, na bibi yangu ndiye anayengoja, ungepanda?"

"Ningepanda," alisema. "Halafu ningedai kuku wawili."

Jumatatu, kulipopambazuka, basi liliondoka Tabora bila mimi. Nililisikia likipiga honi stendi tulipokuwa tunapita na pikipiki, na hewa ilikuwa na harufu ya mvua iliyonyesha kwingine. Mwinuko ulikuwa umejaa watu. Hakuna aliyeuliza kama nimekuja kweli. Shija alinipa tindo na nyundo ndogo, akanionyesha tofali la juu kabisa na mahali pa kugonga. Nilimvisha Maganga kamera shingoni na kumwambia apige chochote anachotaka, ila asimwombe mtu yeyote asogee. Kisha nikafunga khanga yangu kiunoni, nikasema bismillahi, nikapanda.

Huko juu kulikuwa na upepo. Niliona paa la bani, na nyumba ya Mama Kalunde. Dirisha moja lilikuwa wazi, na ndani yake kulikuwa na kitu cheupe ambacho huenda kilikuwa mto, na huenda kilikuwa uso. Nikagonga. Udongo wa kichuguu ulitoka kama unga. Nikagonga tena, na tofali likalegea kwa sauti ndogo mno kuliko ile niliyoiogopa, sauti ya mtu anayeweka kikombe mezani. Nililitoa kwa mikono miwili. Lilikuwa zima. Juu yake vidole vitatu vilikuwa vimepita kabla ya wazazi wetu kuzaliwa, na vyangu vikaingia humo bila kutafuta.

Chini wanawake walianza kulia kama wanavyolia msibani, na sikuona mzaha wowote ndani yake. Mama Kalunde hakulia. Aliikunja khanga yake ikawa ngata, akaiweka kichwani, akasogea hadi mguu wa ngazi na kunyoosha mikono. Nilimteremshia tofali. Alilitua juu ya ngata, akajaribu uzito wake, kisha akaniinulia macho bila kugeuza kichwa.

"Teremka polepole, mtani," alisema. "Leo tunazika mmoja tu."

Akaelekea kwenye msingi wa kigango, mgongo umenyooka, na watu wakajipanga nyuma yake mmoja mmoja. Nikageuka kulitazama tofali la pili.